Kujifunza Pamoja kwa Simu

 

Wazee watakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12, watu karibu milioni 2 wa Tanzania walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, kisha wakaulizana: Maji twayateka wapi? Choo kiko wapi? Redio haikukijua kisima cha kila kijiji. Waliokijua ni wao wenyewe. Baadaye walichimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba.

Siku hizi kikundi chaweza kukutana ndani ya simu. Mmoja yuko Berega, mwingine Kilosa, mwingine Mikumi. Hawaonani. Je, wajifunzaje?

Tuseme mama wa Berega aona mdudu katika mahindi yake. Ampiga picha, aituma. Mtu ajibu upesi: “Ni viwavijeshi wale wa zamani. Nunua dawa.” Watano waandika, “Asante.” Hapo elimu haijapatikana bado, neno moja tu limezunguka. Na dawa ina bei!

Kisha mzee mmoja, asiyeandika haraka, atuma sauti yake: “Mwanangu, mtazame kichwani. Pana alama kama herufi Y iliyopinduliwa?” Mama arudi shambani. “Ipo, mzee. Na karibu na mkia pana madoa manne, yamekaa mraba.” Basi, huyu ni kiwavijeshi vamizi, mgeni kutoka bara la Amerika, aliyeonekana nchini mwaka 2017.

Wa Mikumi aongeza: “Kwangu mchana hujificha katika majani machanga ya katikati. Mimi hunyunyiza jioni.” Wa Kilosa auliza: “Ni wadogo au wakubwa? Wakikua, dawa haiwapati vizuri.” Mama ahesabu tena, ampelekea bwana shamba habari yote. Hakuna mmoja wao aliyeyajua hayo yote asubuhi ile. Na kama mzee angaliona haya kwa kuwa hajui kuandika vizuri, mama angalinunua dawa isiyofaa.

Sasa, mwalimu, funga redio. Kila mmoja aandike sentensi moja juu ya mdudu aliyemwona shambani mwake, ampe jirani. Jirani asome, aulize swali moja. Msijibu kwa kubahatisha. Kesho nendeni mkatazame.