Kifafa na Hofu Yetu



Katika maadhimisho haya tumechagua kusema juu ya kifafa. Huenda mkashangaa, kwani sisi ni wauza saruji na mabati, si matabibu. Lakini miaka michache iliyopita kijana mbeba mizigo wa dukani kwetu alianguka mbele ya wateja. Wazee wetu wakaagiza kiatu anusishwe, kama walivyofanya babu zetu kule Gujarat. Majirani wakapaza sauti kwamba asiguswe, wakiliogopa lile povu. Kiatu kikafika, mkono wa kumsaidia haukufika. Kesho yake tukamwambia akapumzike nyumbani, na hiyo ndiyo njia ya adabu ya kumwachisha mtu kazi.

Baadaye tulisoma habari za Mahenge, wilayani Ulanga. Yapata mwaka 1960 daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha huko kliniki ya kifafa miongoni mwa Wapogoro. Wagonjwa wengi walikuwa na makovu ya moto. Mtu alianguka penye mafiga, na waliomzunguka hawakuthubutu kumvuta, kwa kuamini kwamba povu huambukiza. Povu hilo ni mate tu. Daktari aliwapa fenobabitali, dawa ya bei nafuu iliyotumika tangu 1912, na wengi wao kuanguka kukapungua au kukakoma kabisa. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanyika Ulanga: watu wapatao 10 katika kila 1,000 walikuwa na kifafa. Utafiti wa baadaye umehusisha sehemu ya kifafa cha Mahenge na minyoo ya usubi, ienezwayo na inzi wadogo wa mito iendayo kasi. Basi si pepo, wala si malipo ya karma, kama baadhi yetu tunongonavyo.

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo mno. Hans Berger aliunasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani. Kifafa hutokea pale chembe nyingi za ubongo zinapofyatua umeme wao kwa pamoja, bila mpangilio.

Humu hekaluni tunawasha taa za mafuta. Mtu akianguka wakati wa arati, ziondoeni taa karibu naye, mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko kinywani, wala msimbane mikono. Zikipita dakika 5 hajatulia, apelekwe hospitali. Na aliyeandikiwa dawa asiikatishe kwa kuwa amekaa miezi bila kuanguka. Kuikatisha ghafla huweza kuleta mfululizo wa vifafa wenye kuua.

Kijana yule tulimwendea kwao, tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Amerudi dukani. Hapandi ngazi, wala haendi kuogelea ziwani peke yake, na kila jioni hunywa dawa yake pale kaunta kabla hatujafunga mlango.