Mcheza Kwao Naye Aagwe

Pambano la kuaga katika mieleka ya kulipwa lina desturi moja kubwa: anayeondoka ndiye anayelala chini. Halali kwa udhaifu. Hulala ili anayebaki asimame, na heshima iliyochumwa kwa miaka mingi ihamie kwa mwenzake hadharani. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 12 Oktoba 2025 mjini Lowell, Marekani, pale Bubba Ray na D-Von, wazee waliosifika kwa kuvunja meza ulingoni, walipopanda ulingoni kama jozi kwa mara ya mwisho kukabiliana na ndugu wawili, Matt na Jeff Hardy. Matokeo yanajulikana hadi kwenye vibanda vya video vya mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, Mombasa: akina Hardy walishinda na kuondoka na mikanda ya ubingwa ya TNA na ya NXT. Lililobaki ni funzo, na funzo hilo linauhusu mji huu kuliko wengi wanavyodhani.

Jozi ya Bubba Ray na D-Von iliungana mwaka 1996 katika ECW, chama kidogo cha mieleka cha Philadelphia kilichosifika kwa ukali wake. Hawakuwa ndugu wa damu. Mmoja ni mzungu, mwingine mweusi. Ulingo uliwapa udugu nao wakauishi. Mwaka 1999 waliingia WWF, ambayo sasa ni WWE. Mwaka uliofuata walipambana na akina Hardy kwa meza, kisha kwa ngazi, na Agosti 2000 likaja pambano la kwanza la meza, ngazi na viti kwa pamoja, Edge na Christian wakiwa jozi ya tatu. Mwaka 2005 walihamia TNA kwa jina la Team 3D, na mwaka 2018 WWE ikawaingiza katika Ukumbi wa Mashujaa wake. Siku ya kuaga, Bubba Ray alikuwa na miaka 54 na D-Von 53. Wapinzani walioumizana nao kwa robo karne ndio waliowaaga.

Mieleka ya jozi ina utaratibu wake. Mmoja huingia ulingoni, mwenzake akabaki kwenye kona, nje ya kamba. Aliyechoka hana ruhusa ya kutoka mpaka auguse mkono wa mwenzake. Ndiyo maana kilele cha pambano mara nyingi si pigo. Kilele ni mtu aliyeishiwa nguvu akitambaa kuelekea mkono unaomngoja. Pwani haishangazwi na jambo hilo. Katika kirumbizi cha Lamu watu wawili hupigana kwa fimbo, ngoma ikilia na zumari ikipulizwa. Pigo hurushwa, pigo hukingwa, na anayetoka humwachia nafasi mwingine. Mchezo wa kupambana, popote ulipo, husimama juu ya mambo mawili: adabu ya kuingia na adabu ya kutoka.

Katika mieleka ya kulipwa mshindi hupangwa kabla ya pambano. Hilo si siri, wala halipunguzi hatari yake. Ubao unaovunjika ni ubao wa kweli, na mgongo unaouvunja ni mgongo wa kweli. Mchezaji hujifunza kwanza kuanguka: kidevu kifuani, mikono ipige sakafu, uzito usambae mgongoni usishukie shingo. Sakafu ya ulingo nayo hujengwa ibonyee. Mtoto anayewaiga kwa kuruka kutoka ukutani hadi kwenye mchanga mgumu hana ubao unaobonyea wala mwalimu. Huko Mukono, Uganda, vijana wa Soft Ground Wrestling waliounganishwa na Daniel Bumba walitengeneza ulingo wa matope na miti, wakajifunza kuangukia humo. Hawakungoja fedha. Lakini walikuwa na mahali. Mahali ndipo mchezo wowote unapoanza, na mahali ndipo Mombasa inapokwama.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kenya imekuwa ikilisema neno hilo bila kulitimiza. Robert Wangila alimwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika fainali ya ngumi mjini Seoul mwaka 1988, na hadi leo ndiye Mkenya pekee aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Julai 1994 alifariki mjini Las Vegas kutokana na majeraha ya ulingoni, akiwa na miaka 26. Hakupata siku ya kuaga. Bondia mwenzake Philip Waruinge alitwaa medali ya Olimpiki ya shaba mjini Mexico mwaka 1968 na ya fedha mwaka 1972, na kule Mexico akapewa kombe la Val Barker la bondia aliyeonyesha ustadi kuliko wote. Mcheza kwao hutunzwa. Ni watoto wangapi wa Kisauni, Likoni na Changamwe wanaoyajua majina hayo mawili? Asiyeagwa hasahauliwi peke yake. Husahauliwa pamoja na ujuzi wake, na kijana anayekuja nyuma huanza upya kama kwamba hakuna aliyemtangulia.

Kisa cha hali hiyo ni kimoja: viwanja. Pambano la kuaga linataka uwanja, na uwanja unataka mwenye kuujali. Uwanja wa Manispaa ya Mombasa ulifungwa ujengwe upya, na mwaka 2022 gavana wa kwanza wa kaunti aliondoka madarakani ujenzi ukiwa haujakamilika. Klabu ya Bandari ilitwaa kombe la shirikisho la soka nchini mwaka 2019, na nyumbani kwake ni Mbaraki, uwanja wa Mamlaka ya Bandari. Si uwanja wa umma. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi serikali ya kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake. Imeandikwa. Haihitaji tafsiri. Viwanja ni kazi ya kaunti, na kwenye mitaa ambako nyumba zimebanana, kama Ziwa la Ng'ombe, kila kipande cha ardhi kisicho na hati kiko hatarini. Kiwanja kikienda, mchezo huenda. Mchezo ukienda, mkongwe hana pa kuagia, na kijana hana pa kupokelea.

Mcheza kwao hutunzwa, na kutunzwa si kupigiwa makofi tu. Mchezaji hutunzwa angali hai, angali anasimama, angali anaweza kuufikisha mkono wake kwa mwenzake. Kaunti na iupe kila uwanja wa mtaa hati ya umma, Ziwa la Ng'ombe ukiwa miongoni mwa mitaa ya mwanzo. Vyama vya michezo na vitenge siku moja kila mwaka ya kuwaaga wakongwe wa ngumi, wa soka na wa michezo mingine, na anayeagwa akabidhiwe vijana wa kuwafunza. Wazazi na wawakataze watoto kurukiana uani, kisha wawapeleke kwa anayejua kuanguka. Na vijana wanaojaa vibandani kuwatazama wazee wa Marekani wakiagwa, waulize mtaani mwao: nani alicheza hapa, yuko wapi, na nani alimuaga? Waulize leo. Wamtafute. Wamlete kiwanjani, kabla kiwanja hakijauzwa na kabla mwenyewe hajazikwa. Mcheza kwao hutunzwa: neno hili ni deni, na deni hulipwa.