Deni la Jengo la Machinga



Nimetakiwa niseme habari ya miji ishirikianayo na wenye fedha ili kujenga upya. Nitatwaa mfano mmoja tu: Jengo la Machinga, Karume, Dar es Salaam, lililokamilika mwaka 2010. Halmashauri ya Jiji ilikopa kwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, zaidi ya shilingi bilioni 10, ikitumaini kuwa kodi ya wachuuzi zaidi ya 4,000 italipa. Lakini wanunuzi hawakupanda ghorofani. Na mchuuzi, kwa haki yake, humfuata mnunuzi. Meza zikakaa tupu, riba ikazidi kuhesabiwa, hata deni likapita bilioni 30. Na fedha ile ilikuwa akiba ya wafanyakazi. Mkopeshaji wa umma alivumilia. Sidhani kama tajiri wa kando angalivumilia vile.

Sisemi tukatae kushirikiana, maana soko na stendi twavihitaji. Lakini sisi makarani ndio tuisomao rasimu ya mkataba kwanza. Tutafute mstari usemao nani atalipa meza zikikaa tupu, na kama ushuru wetu wa kahawa umewekwa rehani.