Tuiulize mashini kwanza

Maneno ya timu ya rejista kwenye mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Tumeombwa tueleze juu ya nini kompyuta ya biro inachelewa kutafuta majina, na kama ni lazima kununua ingine. Jibu letu ni fupi: kabla ya kununua, tuiulize yenyewe. Tutaeleza polepole, hata yule ambaye hajawahi kugusa kompyuta afahamu.

Siku ya mgao kila mtu ameona namna iko. Mama ametoka kijijini kwa mguu, mtoto mgongoni. Anataja jina lake, kijana wa biro anaandika, kisha wote wanangoja. Walio nyuma wanaanza kusema: labda huyu hayuko kwenye lisiti. Mashini njo inachelewa, lakini mtu njo anashukiwa. Na wakati huo mutori unakunywa esansi.

Fishi zetu ziko ndani ya programu iitwayo PostgreSQL. Ni ya bure, na asili yake ni kazi iliyoanza mwaka 1986 kwenye chuo kikuu cha California, Berkeley. Ndani yake mna majedwali: moja la familia, moja la watu, moja la michango. Namba ya familia njo inayaunganisha. Namna hii ya kupanga habari ilielezwa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, na mpaka leo biro nyingi duniani zinaitumia.

Sasa, mashini inatafutaje jina? Tuchukue mfano wa fishi elfu 40. Bila faharasa, inasoma kaye yote, ukurasa kwa ukurasa, hata kama jina liko mwanzo, maana inaweza kuwa kuna mwingine wa jina hilo mbele. Faharasa ni kaye ndogo ya pembeni iliyopangwa kwa alfabeti, inayosema: jina hili liko pale. Ukigawa elfu 40 kwa nusu, na nusu tena, unafika kwenye fishi moja kwa hatua 16 tu. Programu yenyewe inapitia hatua chache zaidi, kwa sababu faharasa yake ni kama mti wenye matawi mengi.

Kuiuliza mashini ni rahisi. Mbele ya ulizo unaandika EXPLAIN ANALYZE. Inakuonyesha njia iliyopita na muda iliotumia. Ikisema Seq Scan, imesoma kaye yote. Ikisema Index Scan, imetumia faharasa. Vijana, muangalie: EXPLAIN ANALYZE inatenda kweli lile ulizo. Musiiweke mbele ya amri ya kufuta! Na Seq Scan si kosa kila mara. Kama jedwali ni dogo, au kama unataka karibu fishi zote, kusoma yote njo haraka zaidi.

Mambo manne tunayofundisha vijana wa biro ni haya.

La kwanza, faharasa iwekwe pale tunapotafuta, si kila mahali. Kila fishi mpya inalazimu kuandikwa pia kwenye faharasa zote, kwa hiyo zikizidi, kuandikisha watu kunachelewa. Lakini kuna moja ambayo wengi wanaisahau. Programu inajiwekea yenyewe faharasa ya namba kuu ya kila fishi. Haiweki faharasa kwenye namba ya familia ndani ya jedwali la watu. Bila hiyo, kufungua familia moja ni kusoma watu wote.

La pili, majina yetu. Mwajuma wa kambini Tanzania anaweza kuwa Muajuma kwenye karatasi za huku, maana kila karani aliandika alivyosikia. Faharasa ya kawaida haisaidii kutafuta jina lenye kufanana tu. Iko nyongeza iitwayo pg_trgm, inayokata majina vipande vya herufi tatu tatu na kulinganisha. Kwa watu waliovuka ziwa hili na majina yaliyoandikwa mara mbili, tatu, hii si mapambo.

La tatu, tukishaingiza lisiti kubwa tuandike ANALYZE. Programu inachagua njia kwa kukadiria wingi wa fishi, na makadirio yakiwa ya zamani, inachagua vibaya.

La nne, tusiulize mara 300 kwa familia 300. Ulizo moja lililopangwa vizuri linaleta zote pamoja.

Sasa tufike kwenye neno zito. Wamo wanaosema tufute fishi za waliokufa, na za wale waliorudi kambini, ili mashini iwe nyepesi. Tunawaomba mkutano ukatae. Faharasa ikiwepo, fishi za zamani hazizuii kutafuta jina moja. Tena inawezekana kuweka faharasa ya walio hai peke yao, bila kugusa wengine. Fishi ya marehemu njo ushuhuda wa mjane wake anapodai haki ya matanga. Aliyerudi kambini anaweza kuvuka tena kesho, na akikuta jina lake limefutwa, ataanza upya kama mgeni nyumbani kwake. Wepesi wa mashini usilipwe kwa kusahau watu.

Kwenu wafadhili: leo hatuombi seva mpya. Tunaomba mulipie mafunzo ya vijana wawili wa biro, ili ujuzi huu usikae kwenye kichwa cha mtu mmoja, na diski moja ya nje ya kuhifadhi nakala, maana hatuguse kitu kabla ya kuwa na nakala. Tukishapima, tukaona diski ya zamani au memori njo inayozuia, tutawaletea vipimo vyenyewe, muda wa mbele na wa nyuma, na hapo tutaongea juu ya kununua.

Wanachama, siku ya mgao muje na kartu zenu zenye namba. Namba haikosewi herufi.