Kazi za Angani Huanzia Darasani

Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wanafunzi wa Kidato cha Pili na wazazi wao



Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani, maarufu kama ndege nyuki, ilijaribiwa kupeleka dawa Ukerewe, ng'ambo ya Ziwa letu. Ilikwenda kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, ikibeba hadi kilo 4, na iliporudi ilichukua sampuli za maabara. Kwa barabara, safari hiyo ni ya kilomita zipatazo 240 na saa 6. Majaribio yalichukua miezi sita. Rwanda, tangu mwaka 2016, hospitali hupelekewa damu kwa njia hiyo. Huko kwenye majiji makubwa ya dunia zinajaribiwa ndege za umeme za abiria, zipaazo wima kama helikopta.

Wanangu, mwasikia haya mkadhani kazi ni urubani pekee. La hasha. Chombo kimoja kikiruka, nyuma yake yupo fundi wa betri na mota, mwandishi wa programu, mtabiri wa hali ya hewa, mwongoza ndege, mchora ramani na mfamasia anayefungasha dawa.

Mahitaji tunayo hapa hapa. Musoma kuna wakazi wa visiwani, kama Rukuba, ambao ziwa likichafuka hawavuki. Bunda tembo hutoka hifadhini na kuvamia mashamba. Watafiti wamekwisha kujaribu ndege nyuki kandokando ya Serengeti, na tembo walikimbia. Butiama kuna mashamba yanayohitaji kupimwa na kukaguliwa.

Tatizo ni kwamba mlango wa kazi hizi hufungwa kimyakimya. Mwanafunzi anayeacha Fizikia kabla ya Kidato cha Tatu kwa sababu rafiki yake ameiacha, hugundua baada ya miaka miwili kuwa vyuo alivyovitamani havimpokei. Nanyi wazazi, binti akirudi na alama 35 za Hisabati, msimwambie somo hilo si la wasichana. Mtafuteni mwalimu, muulize amekwama wapi.

Wako watakaoendelea na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au Chuo cha Usafiri wa Anga, vyote vya Dar es Salaam. Wengine watapitia VETA, wakaanza na umeme na elektroniki. Njia zote ni za heshima.

Tahadhari moja: ndege nyuki si mwanasesere. Hairushwi bila kibali, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Anayetaka kazi hii aanze kwa kutii sheria yake.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kabla ya kujaza fomu za kuchagua masomo, mwanafunzi, mzazi na mwalimu wa taaluma waketi pamoja. Kikao hicho hakina gharama, ila kukikosa kuna gharama kubwa.