Orodha ya wakimbizi: makosa matatu tusahihishe



Orodha mbovu inanyima mtu chakula. Tukamate makosa matatu.

Moja: mahali. Huyu anaandika Kitshanga, mwengine Kitchanga; kompyuta inahesabu vijiji viwili. Dawa ni moja: jina lichaguliwe katika orodha iliyopangwa, lisiandikwe na kila mtu kivyake.

Mbili: namba ya mtu. Tusitegemee kadi ya mchaguzi. Uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi juu ya vita. Vijana wengi wa huko hawana kadi mpya. Simu nayo ni ya jamaa nzima. Basi kila mtu apewe namba yake, na majina yakifanana, tuulize mbele ya kufuta.

Tatu: rezo. Walikale ni shida. KoboToolbox inachunga fomu ndani ya simu, inatuma baadaye. Tusifute kitu mbele ya kuhakikisha kimefika.

Na siri? Orodha ya majina na vijiji ikianguka kwa wenye bunduki, inaua. Tuifunge kwa neno la siri, tusiitupe WhatsApp.

Tangu 1984 Kongo haijafanya sensa nyingine. Tujihesabu vizuri, kisha tudai haki yetu tukiwa na hesabu mkononi.