Pikipiki ya Mwanachama na Kijana Aiendeshaye

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama watokao Migori na Homa Bay)



Tumeombwa tuseme juu ya pikipiki. Huenda mtu akauliza, watu wa reli wana habari gani na pikipiki? Jibu ni rahisi. Reli yetu ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, lakini haikupata kwenda Homa Bay wala Migori. Zamani mtu wa kwetu alishuka gari la moshi Kisumu, akapanda meli mpaka Kendu Bay au Homa Bay, kisha akatembea kwa miguu na sanduku kichwani. Leo hupanda matatu, na akifika njia panda huchukuliwa na boda boda mpaka mlangoni kwa mama yake. Neno hilo lilizaliwa mpakani Busia, wakati baiskeli zilipokuwa zikivusha watu na mizigo baina ya Kenya na Uganda. Pikipiki zilikuja baadaye, nazo ziliongezeka sana baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008.

Basi wenzetu wengi wamenunua. Wengine kwa akiba, wengi kwa mkopo. Na kwa kuwa mtu hawezi kuwa zamu Kisumu na wakati huohuo kubeba abiria Awendo, pikipiki hukabidhiwa kijana wa nyumbani, mtoto wa dada au mtoto wa ndugu. Kijana huleta hesabu kila jioni kwa simu. Hapa ndipo tunapotaka kusemeana kweli.

Katika chama twapigania saa za kazi. Twapigania malipo ya kazi ya ziada, tena twadai viatu na kofia za kujikinga. Lakini mwenzetu mwenye pikipiki ni tajiri wa kijana mmoja, na kijana yule hana chama cha kumsemea mbele ya mjomba wake. Hesabu ni ya siku saba. Akipumzisha pikipiki asubuhi moja kwa fundi, hesabu ya siku ile bado yatakiwa, na oili atanunua mwenyewe. Hupiga simu: "Mjomba, oili imekuwa nyeusi kabisa." Naye hujibiwa: "Ongeza kidogo tu, mwisho wa mwezi tutaona."

Ndugu, kuongeza oili mpya juu ya oili iliyokufa ni kumwaga pesa. Hizi pikipiki ndogo, Boxer, TVS na nyingine za namna hiyo, hubeba kiasi cha lita moja tu ya oili. Na oili hiyohiyo moja hulainisha pistoni, hulainisha gia, na klachi nayo huoga humo humo. Injini hupozwa kwa upepo tu, haina maji. Kijana anayekwenda kilomita 100 kwa siku hufikisha 2,000 kwa siku ishirini, tena katika vumbi, tena na mzigo. Kungoja mwisho wa mwezi ni kuua injini. Ukiona moshi wa buluu nyuma, ujue ringi zimekwisha, na sasa si habari ya chupa moja ya oili. Hesabu ya siku tatu hutosha kununua oili. Injini ikifunguliwa itakula hesabu ya wiki nyingi, na mkopo haungoji.

Chujio la hewa nalo husahauliwa kabisa. Vijana wanaobeba magunia ya mawe ya dhahabu kule Macalder na Nyatike hupumua vumbi mchana kutwa, na pikipiki zao vilevile. Chujio la sponji huoshwa, la karatasi hubadilishwa. Wako mafundi wanaolitoa na kulitupa ati pikipiki ivute vizuri. Itavuta, ndiyo, itavuta mchanga.

Cheni isikazwe kama waya wa simu. Zungusha gurudumu, tafuta pale inapokaza zaidi, kisha uibonyeze kwa kidole katikati: icheze kati ya sentimita 2 na 3. Ikikazwa mno, abiria akiketi huvuta beringi na kuzila. Udongo mweusi wa Ndhiwa wakati wa mvua hujaa juu ya tairi mpaka gurudumu hugoma, na hapo vijana wengi hulazimisha kwa klachi. Afadhali kushuka na kijiti. Na wanaopeleka pikipiki kuoshwa mtoni wajue kwamba chini ya pale kuna mama anayeteka maji.

Breki hatutasema mengi. Gari la moshi haliondoki stesheni kabla breki hazijapimwa, hata kama abiria wanapiga kelele. Kijana naye apime asubuhi kabla ya mteja wa kwanza.

Sasa mapambo, maana twajua wengi mlikuja kwa ajili ya hayo. Hatuyakatai. Pikipiki ni kazi na pia ni raha ya mwenye kuiendesha. Mwavuli mkubwa wa mvua ni jambo jema, gadi ya chuma ya kukinga miguu ni jambo jema zaidi, na kiti kilichoshonwa vizuri huleta mteja. Maneno yaliyochorwa kwenye matopeo, kila mtu na lake; mengine yatuchekesha njia nzima. Lakini kijana anayeng'oa vioo kwa urembo, au kukata ekzosi ili ilie, au kufunga taa kali zinazompofusha mwenye kuja mbele, huyo azuiwe na mwenye mali. Na kiti kirefu kisiwe sababu ya kupakia watu watatu. Sheria ya Kenya ni abiria mmoja, na kila mmoja na kofia yake.

Raha nyingine ni safari. Jumapili yafaa kijana aendeshe bila hesabu, aende Thimlich Ohinga, Migori, aone kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wa kushikia, ambazo UNESCO iliziandika katika urithi wa dunia mwaka 2018. Au avuke Mbita aende Rusinga, alipozikwa mwaka 1969 Tom Mboya, yule aliyekuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi katika miaka ya 1950. Wanachama wangapi wa hapa wamefika pale?

Bwana Mwenyekiti, tunaleta ombi. Kila mwanachama mwenye pikipiki apunguze hesabu iwe ya siku sita. Siku ya saba iwe ya pikipiki na ya kijana. Oili, chujio na breki vilipwe na mwenye mali, si na mwendeshaji. Tena kuwe na daftari, kama lile la injini zetu, kijana aandike kasoro na tarehe, na mwenye mali aweke sahihi kuwa ameisoma. Twataka jambo hili lipigiwe kura leo, kwa maana vijana hawapo hapa kulipigia.

Mwenye kutaka kuonyeshwa cheni, pikipiki moja iko nje chini ya mwembe, na spana zipo.